Chai ya Profesa

Chai ya nyumba ile ilitiwa sukari jikoni. Haikuwa chai ya kila mtu kujipimia mezani kwa kijiko chake. Maji na maziwa yalichemshwa pamoja, yakaingia majani, ikafuata tangawizi iliyopondwa, kisha sukari, na sukari yenyewe haikuwa ya kubembeleza. Ilikuwa ya kushikanisha midomo. Fundi aliipenda hivyo. Alikuwa na kikombe chake cha bati kilichobanduka rangi ukingoni, ambacho hata mgeni mheshimiwa hakuwahi kupewa, na alikunywa kwa kuvuta, kwa sauti. Baada ya funda la kwanza alisema neno lilelile la kila siku: "Hapo sasa!"

Mke wake, ambaye tangu siku za uchumba alimwita Bibie, aliketi kando yake kwenye kochi akinywa kutoka sufuria hiyohiyo. Jambo hilo lilimfurahisha Fundi kuliko hata chai yenyewe. Alikuwa mtengenezaji wa makochi, na kule karakana, katikati ya fremu za mbao na marundo ya sponji, alipenda kulitaja.

"Mimi na mke wangu ni sufuria moja," alisema. "Kuna nyumba zina chai mbili, ya huyu ina sukari, ya yule haina. Hiyo si nyumba, ni hoteli."

"Hotelini angalau unaulizwa unataka nini," alijibu Kipara, mwenzake ambaye kazi yake ilikuwa kupiga msasa na kupaka vanishi.

"Wewe utajua nini? Mkeo anakupa chai kwenye kikombe cha mtoto."

"Ananipenda. Hataki niungue."

Bibie alikuwa akipiga pasi kwa dobi. Aliacha shule akiwa msichana ili awalee wadogo zake mama yao alipougua. Sasa wale wadogo walikuwa watu wazima, watoto wake mwenyewe walikwisha kuoa na kuolewa, naye akajiandikisha masomo ya jioni. Alitaka cheti. Pale kwa dobi, wenye cheti hukaa mbele kwenye upepo, wakipokea nguo na kuandika vitambulisho. Wasio nacho hukaa nyuma na mvuke. Fundi alimkubalia kwa moyo mweupe. Alisimama hata mbele ya kundi lao la sala akaomba mke wake afunguliwe akili. Hakukumbuka kuuombea ule moyo mweupe ubaki mweupe.

Jioni moja Bibie alirudi kutoka darasani, akaweka kikapu mezani, akaenda kuoga. Fundi alikuwa na kiu. Chupa ya chai ilikuwa humo kikapuni. Alijua mkewe huibeba kwa ajili ya mapumziko. Akaitikisa, akasikia kuna kidogo kimebaki, akakimimina kwenye kikombe chake cha bati na kuvuta funda.

Hakusema "hapo sasa". Alibaki amekunja uso kama aliyelamba gundi. Ilikuwa chai ya rangi, nyeusi tii, haina tone la maziwa, haina chembe ya sukari, na nyuma yake ikaja karafuu iliyomuuma ulimi. Akatazama tena kikapuni. Kulikuwa na vikombe viwili vya plastiki, kimoja kimechomekwa ndani ya kingine. Vyote viwili vilikuwa na unyevu.

Mtu hujua mambo machache kwa hakika hapa duniani. Fundi alijua kwamba Mungu yupo, kwamba sponji nyepesi haifiki mwaka, na kwamba mke wake hanywi chai chungu. Basi chai ile ilikuwa ya mtu.

"Bibie," aliita alipomwona ametoka bafuni, "hii chai ya nani?"

Bibie alisimama, taulo begani. "Ipi?"

"Hii nyeusi."

"Aa, hiyo." Akakiondoa kikapu mezani, kana kwamba alikuwa amekiweka pasipofaa. "Ni ya darasani tu."

"Darasa linakunywa chai?"

"Nakunywa na jirani yangu wa dawati. Profesa."

"Mnasoma na profesa?"

Bibie akacheka. "Ni jina la utani hilo. Ni mwanafunzi kama mimi. Lakini zile hesabu za sehemu, yeye anazimenya kama chungwa! Bila yeye ningekwisha kata tamaa."

Yeye. Fundi alilingoja neno litakalofuata, lile ambalo lingemwambia huyo yeye ni nani, lakini Bibie alikwisha ingia chumbani. Lugha yetu ina heshima zake. Inaweza kumtaja mtu kutwa nzima, akala, akanywa, akacheka, na isiseme kama ana ndevu au hana. Maisha yake yote Fundi hakuwahi kuiona hiyo kuwa kasoro.

Angeweza kuuliza. Maneno yenyewe ni machache: ni mwanamume au ni mwanamke? Lakini kuuliza ni kukiri. Mtu aliyemkubalia mkewe kwa moyo mweupe, akamwombea mbele ya watu, leo aanze kupeleleza kama jirani wa dawati huvaa sketi? Akaona ni bora atege.

Kesho yake asubuhi, wakiwa kwenye kochi na vikombe vyao, alianza kwa mbali. "Huyo Profesa wako ana familia?"

"Ana watoto wakubwa, kama wetu."

Hapo Fundi akaona upenyo. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Hakuna ujanja wa kulikwepa neno hilo. Ilibidi tu amwachie Bibie alimalize mwenyewe.

"Basi ameo..." alisema, kisha akashikwa na kikohozi. Alikohoa kwa bidii, macho yakamtoka, huku sikio lake likiwa wazi kama mlango wa duka.

"Pole, pole," alisema Bibie akimpiga mgongoni. "Hapana, hayuko tena kwenye ndoa. Waliachana zamani."

Kikohozi kikapona papo hapo. Sasa mambo yalikuwa mabaya zaidi. Bado hakujua kama Profesa ni mwanamume au mwanamke, lakini alijua kwamba hana mtu.

Haikupita wiki Bibie akarudi na salamu. "Profesa anakusalimu. Anasema, shemeji hujambo?"

"Shemeji!" alisema Fundi.

"Kwani akuite nani?"

Ni kweli, angemwita nani? Rafiki wa mkeo, akiwa na sharubu au akiwa na hereni, wewe kwake ni shemeji tu. Fundi aliitikia kwamba hajambo, na chai yake ikampoa mkononi.

Kazini alianza kukosea. Alinyoosha kitambaa cha kochi maua yakiwa yamepinduka, mizizi juu, ikambidi abandue pini zote aanze upya.

"Hiyo fremu imekukosea nini?" aliuliza Kipara. "Unaipiga kama nyoka."

Fundi akamweleza, kwa kuwa donge likikaa kooni muda mrefu hutafuta pa kutokea. Alimweleza kuhusu chupa, vikombe viwili, karafuu na yale maneno ya shemeji. Kipara akaacha msasa.

"Hana mwenza, anajua hesabu, na anapelekewa chai ya karafuu," alisema akihesabu kwa vidole. "Ndugu yangu, mbona mimi hata tangawizi sijawahi kuwekewa?"

"Sitaki mzaha."

"Labda ni bibi kizee."

"Bibi kizee anayemenya sehemu kama chungwa?"

"Basi muulize mkeo, ni mwanamke au mwanamume. Swali fupi."

"Nikimuuliza atajua."

"Atajua nini?"

"Kwamba ninauliza."

Kipara akakuna kichwa chake kisicho na unywele. "Wewe hutaki jibu," alisema. "Wewe unataka jibu lije lenyewe, likupigie magoti."

Neno la magoti lilimfuata hadi alfajiri, alipopiga yake. Sala ilianza vizuri. Aliwaombea watoto, akawaombea wagonjwa anaowajua na asiowajua. Kisha akafika pale. "Ee Mungu, umbariki na huyo Profesa. Mfungulie milango. Mpe kazi, kazi nzuri, yenye heshima. Lakini iwe mbali." Akanyamaza akijisikiliza. Alijua sala ile haikuwa safi. Wivu ulikuwa umeingia ndani yake kama kalamu iliyosahauliwa mfukoni mwa shati linalofuliwa. Alijua pia kwamba aombaye hivyo anapaswa kurudi nyuma aombe upya. Badala yake aliongeza, "Mbali sana," akasema amina, akainuka.

Profesa hakupata kazi ya mbali. Bibie aliendelea kuamka mapema kupika chai ya sufuria, kwenda kwa dobi, kurudi, na kuchemsha birika dogo la pembeni kabla ya kwenda darasani. Sasa Fundi aliliona lile birika. Aliliona lilivyochemka taratibu, na Bibie alivyolifunika apate kuitunza harufu. Ile ya sufuria hakuwahi kuifunika.

Siku moja, Bibie akiwa chumbani anavaa, chupa ilisimama mezani imekwisha jazwa. Fundi akatazama mlango. Akaifungua, akaimwaga ile nyeusi, na kuijaza chai yake mwenyewe iliyobaki kwenye sufuria, ya maziwa na tangawizi na sukari, aliyoipasha moto kwa haraka. Akaifunga. Hesabu yake ilikuwa hivi: kama chai ni yao wote wawili, watakunywa wote wawili. Kama ni ya Profesa peke yake, basi Profesa atakataa, na Bibie atakunywa peke yake, kwa sababu hii ndiyo chai yake aliyoizoea.

Bibie aliporudi, chupa ilitua mezani kwa kishindo cha kitu kizito. Haikuwa imeguswa. Bibie akachukua kile kikombe cha bati, akamimina hadi juu. Mvuke ulikuwa bado unatoka.

"Kunywa. Hii ni yako," alisema. "Nadhani leo nilichanganya vitu." Akamtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Hamkunywa kabisa?"

"Tulikunywa maji."

Fundi alikunywa. Kwa mara ya kwanza sukari ilimkaa vibaya kooni. Profesa kukataa, sawa. Lakini Bibie je? Kwa nini ashinde na kiu na chai yake mwenyewe iko mbele yake? Akakumbuka siku za uchumba. Kwenye arusi moja soda zilikuwa zimepungua, Bibie akapewa, yeye akakosa, na Bibie akairudisha ile soda kwenye trei bila kuifungua. "Mwenzangu hana," alimwambia mhudumu. Fundi aliamua kumwoa palepale, kabla trei haijaondoka. Sasa alijua maana ya kukataa kunywa kwa sababu ya mwenzako. Alikuwa ameiona kwa macho yake.

Asubuhi hakusema "hapo sasa". Kule karakana alimwambia Kipara, "Leo namfuata. Namtoa katika lile darasa, na harudi tena."

Kipara hakufanya mzaha. "Mtihani si umekaribia?"

"Nimesema leo."

"Na cheti chake?"

"Cheti si mume."

"Hapana, si mume," alisema Kipara, akachovya brashi kwenye vanishi. "Lakini mke wako atakuwa amekaa pale kwenye mvuke mpaka azeeke, na kila nguo atakayoinyoosha atakukumbuka wewe. Kaa nalo kidogo hilo."

Fundi hakukaa nalo. Jua lilikuwa bado halijazama alipofika. Ilikuwa shule ya watoto wadogo ambayo jioni huwapisha wakubwa, nao wakubwa walikuwa wamejibana kwenye madawati, magoti yakigusa mbao. Yalikuwa mapumziko. Akasimama kando ya dirisha lililokuwa wazi, karibu na bomba la maji, kama mtu anayengoja zamu ya kunawa.

Alimwona Bibie mstari wa mbele. Kando yake alikaa mtu mwenye koti kubwa jeusi na kofia ya sufi, mabega mapana ambayo yangeweza kubeba kochi la watu watatu bila msaidizi. Damu ikampanda Fundi kichwani. Akawa anapanga maneno yake, lipi litangulie, lipi lifuate. Ndipo Bibie aliposema kitu, na lile koti likaangua kicheko na kugeuka. Chini ya kofia zilining'inia hereni mbili kubwa za duara.

"Mwenzangu, utaniua!" alisema Profesa kwa sauti nene ya kike. "Nife hapa, nimevaa koti la marehemu kaka yangu, watu wasijue wanazika dada au kaka!"

Fundi akashika ukuta. Ahsante, Mungu wangu, alisema moyoni. Ahsante, na unisamehe ile ya mbali sana. Angeondoka hapohapo angekwenda zake kwa amani. Lakini alitaka kuiona sura ya mke wake kwa macho yasiyo na kisirani, hata kidogo tu, kisha aende.

Bibie alikuwa akimimina chai. Profesa akatoa kikopo mfukoni mwa koti, akachota sukari mara kadhaa, akakoroga.

"Hii chai yako ni dawa ya minyoo," alisema. "Wewe unainywaje hivihivi?"

"Hivihivi," alisema Bibie.

Akakishika kikombe kwa mikono miwili. Akaegemea nyuma mpaka mgongo wote ukalala kwenye dawati la nyuma yake, akafumba macho, akanywa. Uso wake ukatulia kama shuka lililopita chini ya pasi. Fundi alizijua sura nyingi za mkewe. Aliijua ya uchovu, aliijua ya sala, aliijua ya kumpokea mgeni asiyemtaka. Hii hakuijua.

"Na nyumbani je?" aliuliza Profesa.

"Nyumbani nakunywa ya mume wangu."

"Kwani hamna birika lingine?"

"Yeye husema sisi ni sufuria moja." Bibie akacheka kidogo, bila kufumbua macho. "Chai ya kwanza niliyompikia aliniuliza, tamu? Nikasema tamu. Ndiyo nimeolewa juzi, nitasema nini? Sasa ukishasema tamu siku ya kwanza, utaacha lini?"

"Utaacha siku utakayomwambia."

"Hatanigombeza. Ataumia. Anajivunia ile chai kuliko makochi yake." Akafumbua macho. "Jana, ile siku ya maji, nadhani alitia yake humu kwenye chupa. Nilifungua kifuniko, harufu ya tangawizi ikanipiga. Nilitaka kulia, Profesa. Nikajiuliza, hata huku?"

Profesa alimwekea mkono wake mkubwa mgongoni.

Fundi alibaki pale bombani. Profesa angekuwa mwanamume, Fundi angejua la kufanya. Angeingia, angesimama, wangetazamana. Lakini utamgombeza nani, kikombe? Wivu haukuwa umeondoka. Ulikuwa umehama kiti. Alimwonea wivu Profesa kwa kuambiwa. Aliionea wivu karafuu. Alikionea wivu kile kikombe cha plastiki, namna kilivyoshikwa, kwa sababu yeye na chai yake yote ya sukari hawakuwahi kuifanya sura ile itulie namna ile.

Mwalimu akapiga makofi, mapumziko yakaisha. Akaandika kitu ubaoni, akauliza, na mkono wa kwanza kwenda juu ulikuwa wa Bibie. Ulipanda wima, vidole vimenyooka, kama wa msichana aliyekatishwa siku moja akiwa bado hajajibu. Fundi aliondoka bila hata kukohoa.

Nyumbani alikaa kwenye kochi. Alilitengeneza kwa mikono yake, akalibadilisha sponji mwenyewe, na hakuwahi kulitazama kama alivyoyatazama ya wateja. Kochi halisemi uongo. Ukilipapasa utajua nani hulala, nani hukunja miguu, nani hukaa akinuna. Akapapasa upande wake: shimo katikati, la mtu aliyestarehe. Akapapasa upande wa Bibie. Nyuma, sponji ilikuwa imevimba kama mpya. Ukingo wa mbele ndio uliobonyea na kuchoka. Mtu anayekaa hivyo hajakaa. Anangoja kuinuka.

Aliinuka yeye. Akaingia jikoni, akajifunga kipande cha kitambaa cha kochi kiunoni, akaliteremsha lile birika dogo.

Bibie alipofungua mlango alikuta harufu ya karafuu, akasimama na kikapu mkononi.

"Leo kuna nini?"

"Kaa. Nakuletea chai."

"Wewe?"

"Kwani mimi sina mikono?"

Akaketi, palepale ukingoni. Fundi akaleta vikombe viwili, chake cha bati na cha Bibie. Bibie akatazama ile chai nyeusi. Kimya kikawa kizito, na Fundi, ambaye hakuwahi kustahimili kimya, akatupa neno la kwanza lililomjia.

"Yule Profesa, mtu mcheshi vile, mbona asiolewe tena?"

Bibie akainua macho taratibu. "Asifanye nini?"

Fundi akalisikia neno lake mwenyewe likianguka sakafuni kama msumari.

"Mimi sijakwambia kwamba Profesa ni wa kuolewa," alisema Bibie. "Au kikohozi kimepona?"

"Kumbe ulijua?"

"Mtu mzima anakohoa katikati ya neno, kisha anapona kabla sijamaliza kumpa pole. Nisijue?"

"Mbona hukuniambia, basi?"

"Mbona hukuniuliza?"

Fundi akaketi. Akaangalia mikono yake. "Leo nilikuja darasani. Nilisimama dirishani."

"Ulikuja kufanya nini?"

"Kukutoa. Usirudi tena."

Bibie akauliza kwa sauti ndogo, "Na ukasikia nini?"

"Yote. Mpaka ile 'hata huku'."

Bibie akaweka mkono mdomoni. Walikaa hivyo, mvuke ukipanda kutoka vikombe vyote viwili. Mwishowe, kwa kukosa la kufanya, Bibie akachukua kikombe chake. Fundi akamkazia macho. Hakumwogopa Profesa tena. Aliliogopa neno moja tu, lile ambalo Bibie alikuwa amemwambia siku ya kwanza na kila siku baadaye, na akajikuta anaomba kimyakimya, sala fupi kuliko zote alizowahi kuomba: asiseme tamu.

Bibie akanywa. Akaishikilia chai mdomoni. Tabasamu likaanza kujipanga usoni pake, lile lile la miaka yote, akameza. Kisha tabasamu likasita, likarudi lilikotoka.

"Fundi."

"Naam."

"Umetia sukari."

"Kidogo tu. Mkono umezoea."

"Siinywi."

Neno hilo halikuwahi kusikika katika nyumba ile. Bibie mwenyewe alishtuka nalo, kisha akakisukuma kikombe mezani mpaka kikafika mbele ya mumewe. "Umelikoroga mwenyewe," alisema, na sasa alikuwa anacheka, machozi yakimlengalenga, "linywe!"

Fundi akalinywa. Haikuwa chai yake na haikuwa ya mkewe, ilikuwa kitu cha katikati kisicho na mwenyewe, na alikimaliza chote huku uso umemkunjamana. Akamsikia Bibie akimimina maji kwenye birika kule jikoni.

"Kesho una darasa?" aliita.

"Ninalo."

"Niletee hiyo chupa niioshe. Itoke harufu ya tangawizi."

Akaiosha mara mbili, akainusa, akaiosha tena. Aliporudi sebuleni Bibie alikuwa amekwisha keti na kikombe kipya. Alirudi nyuma kwenye kochi, nyuma kabisa, mpaka miguu ikaacha sakafu, na upande ule wa kochi, ambao haukuzoea uzito, ukalia kama unalalamika. Akakishika kikombe kwa mikono miwili, akafumba macho, na ile sura ikaja. Fundi aliitazama kwa karibu. Kile kikombe bado alikionea wivu.

Bibie akavuta funda lake, kwa sauti.

"Hapo sasa," alisema.